Kona ya Bibi Sofia

Sisi tuliokulia Kitahana kabla lami haijafika Kibondo hatukuwa na televisheni ya kutazamia mbio. Tulikuwa na mbio zenyewe. Nawaandikia wenzangu wa rika, ambao magoti yao bado yana makovu ya changarawe nyekundu, kwa sababu juzi nimepita Kasulu nikakuta vijana wakibishana kuhusu mbio za magari, nikaona tusipojisemea sisi wenyewe hakuna atakayetusemea.

Mimi ni mtu wa njia. Nimeishi Tabora, Mbeya, Singida na kwingine ambako hata sikutandika kitanda, na kila ninaporudi nyumbani kituo changu cha kwanza ni Kasulu, dukani kwa Sabimana, rafiki yangu wa utotoni anayeuza vipuri vya pikipiki. Ukutani pale pana televisheni, na Jumapili alasiri vijana wa bodaboda hujaa mpaka mlangoni. Siku hiyo mmoja alikuwa anasema fomula, zile mbio za magari, imekufa. Gari ni lile lile linaloshinda kila wiki, anayelipanda ni abiria tu. Mwenzake akamjibu kwamba asiyejua hesabu za matairi asizungumzie fomula. Wa tatu alikuwa upande wa pikipiki, akidai kwamba kule ndiko mtu anakolala na kona mpaka kiwiko kinagusa chini, si kama hao waliofungwa mikanda kama watoto mgongoni. Stela, binti wa Sabimana, aliyekuwa anahesabu pete za pistoni nyuma ya kaunta, akawaambia wote hawajui kitu. Mbio ni rali, alisema, kwa sababu rali ina vumbi na matope, na dereva wa rali ungemleta barabara ya zamani ya Kibondo asingeshangaa.

Niliwasikiliza nikacheka kimoyomoyo. Wanajua dereva fulani amezaliwa mji gani na baba yake alikuwa na kazi gani, lakini mke wa jirani aliyejifungua juzi hawamjui jina. Na ubishi wenyewe waliodhani ni wao, sisi tulikwisha kuumaliza tukiwa na kaptula zenye matundu mawili nyuma.

Kwetu mbio zilikuwa za aina tatu. Kulikuwa na ringi, lile duara la baiskeli lisilo na spoku, unalisukuma kwa kijiti huku unakimbia. Kulikuwa na magari ya waya, yenye usukani mrefu na matairi yaliyokatwa kwenye kandambili za watu ambao mpaka leo hawajui nani aliwaibia. Na kulikuwa na baiskeli za miti, ambazo unaweka goti moja juu, mguu mwingine unasukuma, na ukifika mteremkoni unamwachia Mungu. Breki ilikuwa kipande cha tairi, au kisigino chako.

Tulibishana mtoni tukisubiri ndoo zijae, tulibishana shambani kwa shule tukipalilia mihogo ya walimu, tulibishana mpaka kengele ikagongwa, na hata kengele yenyewe ilikuwa ringi la lori lililoning'inizwa kwa mnyororo. Watu wa baiskeli za miti tuliwaambia watu wa ringi kwamba hizo si mbio za ringi, ni mbio za miguu, ringi ni kisingizio. Dada yangu Anjela, ambaye hakuna mvulana aliyewahi kumshinda kwa ringi, alitujibu kwamba baiskeli ya mti inaendeshwa na mlima, sisi tumepakiwa tu. Watu wa magari ya waya tuliwadharau wote kwa pamoja. Ufundi walikuwa nao, mwendo hawakuwa nao.

Mimi nilikuwa wa baiskeli za miti, na sioni haya kusema kwamba hakukuwa na mbio bora kuliko zile. Magurudumu tuliyachonga wenyewe kwa panga na moto. Ekseli tulizipaka mawese tuliyochota jikoni, na mama alijua siku ya mbio kwa sababu maharage ya siku hiyo yalikuwa meupe. Alikuwa akisema, "Nyumba hii gurudumu linakula kabla ya baba." Tukishuka mteremko, milio ya yale magurudumu ilisikika mpaka ng'ambo ya bonde, na harufu ya mawese yaliyoungua ilitufuata kama wingu. Hadi leo nikisikia harufu ya mawese moto, mguu wangu wa kulia unataka kusukuma.

Sasa, kila njia ya mbio inayojiheshimu ina kona yenye jina. Yetu iliitwa Kona ya Bibi Sofia. Bibi huyo alikaa katikati ya mteremko, pale njia inapopinda, na kazi yake ya asubuhi ilikuwa kupepeta maharage mbele ya nyumba. Siku moja tulimpita sita kwa mpigo, vumbi letu likakaa juu ya ungo wake. Baba alikuwa anapanda mlima akaona yote. Hakutupiga. Alizikusanya baiskeli zote sita akaziegemeza ukutani kwa yule bibi, akatuuliza jambo moja tu: "Anayempita mtu mzima bila salamu, siku akianguka ataokotwa na nani?"

Kuanzia siku ile ikawa sheria. Ukifika Kona ya Bibi Sofia unasimama, unashuka, unainama kidogo na kupiga makofi taratibu kama Waha wanavyosalimu, unasema mwakeye, unajibu utakayoulizwa, na huondoki mpaka uambiwe nenda. Asiyesimama ameshindwa hata akifika darajani wa kwanza. Hao vijana wa Kasulu wanalalamika kwamba siku hizi ikitokea ajali ndogo madereva wanaingiziwa gari la kuwapunguza mwendo, mbio zinaharibika. Sisi gari letu la kupunguza mwendo lilikuwa na ungo mkononi, na halikusubiri ajali.

Shida ya sheria hii ilikuwa moja, nayo iliniuma mimi kuliko wote. Salamu ya kwetu haiishii kwenye hujambo. Bibi Sofia alimjua babu yangu, aliwajua shangazi zangu, alijua kwamba mmoja ameolewa Kasulu na mwingine anaumwa miguu. Kwa hiyo baada ya makofi nilianza kuulizwa. Babu ameamkaje? Shangazi wa Kasulu ameleta habari? Ng'ombe amezaa? Mdogo wako kikohozi kimeisha? Nilijibu huku jicho langu moja liko kwenye mteremko, kwa sababu Sabimana alikuwa anaondoka.

Sabimana yeye haulizwi kitu. Walikuwa wamekuja yeye na mama yake kutoka upande wa Nyabibuye, karibu na mpaka, na kijijini hakukuwa na aliyejua wametoka hasa wapi wala ni wa nani. Watu hawakuwafanyia ubaya. Waliwaita tu "wale wa kule". Bibi Sofia akimaliza makofi alimtazama, akatafuta la kumuuliza, akakosa. "Nawe mtoto, hujambo? Haya, nenda." Sabimana akapanda akaondoka. Msimu mzima alishinda hivyo, na mimi nilimwonea wivu wa kweli.

Siku moja tulikuwa mtoni tunaloweka magurudumu yasipasuke, nikamwambia, "Wewe una bahati. Huna ukoo wa kukuchelewesha."

Aliligeuza gurudumu lake majini, akaligeuza tena.

"Mimi nikifika pale," akasema, "hata jina la mama hawalijui."

Nilikuwa mtoto, nikamrushia maji. Lakini maneno yale yaliniingia. Kuanzia hapo niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona: Sabimana alipomaliza makofi hakukimbilia baiskeli yake. Alikuwa anasimama kidogo. Anangoja. Halafu anaambiwa nenda.

Mwisho wa kiangazi greda lilipita likachonga njia yetu, na fundi wa malori aliyepiga kambi karibu na daraja akatoa zawadi ambayo haijawahi kutolewa Kitahana: beringi mbili za chuma za kufanya magurudumu, kweli kabisa, zinazong'aa kwa grisi. Atakayefika darajani wa kwanza atazichukua. Kwa wiki moja ubishi wa ringi na magari ya waya ulikufa. Hata Anjela alikiri kwamba mwaka huu mbio ni za miti. Na kila mtu alijua beringi ni za Sabimana. Mimi mwenyewe nilijua. Nilijaribu hata kumwomba mama ampelekee Bibi Sofia habari zote za ukoo wetu jioni ya kabla, asubuhi asiwe na la kuuliza. Mama aliniambia habari za jana si salamu ya leo.

Tulishuka wanane. Njia ilikuwa laini kama sakafu mpya ya udongo, na upepo ulinitoa machozi. Nilifika konani sambamba na Sabimana, tukabwaga baiskeli, tukapiga makofi pamoja. Siku hiyo Bibi Sofia akaanza na mimi. Babu, shangazi, ng'ombe. Nikajibu haraka haraka, nikijua Sabimana ataambiwa nenda mara moja. Halafu akaniambia nenda, akanigeuzia kisogo.

"Nawe mwana wa Yolanda," akasema, "mama ameamkaje?"

Nilimwona Sabimana akiacha kupiga makofi.

Mambo yenyewe tuliyajua baadaye. Bibi Sofia alikuwa ameugua malaria juma zima wakati sisi tunapaka mawese, na mama yake Sabimana ndiye aliyekuwa anamchotea maji na kumpikia uji kila asubuhi, bila kumwambia mtu. Siku ile ya mbio ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Bibi Sofia kutoka nje. Basi pale konani akamuuliza Sabimana kama mgongo wa mama umepungua maumivu. Akamuuliza kama maharage waliyopanda bondeni yameota. Akamuuliza kama paa limezibwa, na kama ni kweli yule mbuzi wao mweusi ana mimba. Sabimana alijibu moja moja, kwa utulivu, kama mtu anayekula chakula asichotaka kiishe.

Mimi nilikuwa nimeshaambiwa nenda. Nilipanda nikasukuma. Nikiwa karibu na daraja niligeuka, bado alikuwa pale, ameinama kidogo, anajibu.

Nilichukua beringi. Watu wakanibeba juu, Anjela akapiga vigelegele japo mbio zilikuwa za miti, na mimi nikapayuka kuliko inavyofaa. Sabimana alifika wa sita, hata hakupanda, alikuwa anaisukuma baiskeli kwa mkono akitembea. Nikadhani amekasirika. Nikamfuata nimeficha beringi nyuma, nimeandaa maneno ya kumpoza. Akanitazama usoni akitabasamu meno yote.

"Ameuliza mpaka habari ya mbuzi," akasema.

Zaidi ya miaka thelathini nimesimulia ushindi ule katika mikoa yote niliyopita, na kila mahali nimeusimulia kwa kuishia kwenye beringi. Jumapili ile Kasulu, Stela aliniuliza mbele ya wale vijana, "Baba mdogo, ni kweli ulimshinda baba?" Nikafungua mdomo nijisifu kama kawaida, na Sabimana akanitazama juu ya miwani yake. Nikasimulia yote, mpaka mbuzi. Yule wa fomula akasema sheria hiyo ingeua mbio zote duniani. Yule wa pikipiki akasema angesalimia huku anapita. Stela alimtazama baba yake, kisha akaendelea na pete zake za pistoni, ila nilimwona amepoteza hesabu, akaanza upya.

Mimi najivunia mbio zetu. Hao wanaoonyeshwa kwenye televisheni wana mwendo ambao sisi hatukuuota, na mlima wetu wote wangeumaliza kabla sijasafisha koo. Lakini niambieni ni wapi tena duniani mshindi alitakiwa kufika akijua nani amelalaje. Siku hizi barabara ni lami, bodaboda wetu wanapita Kitahana kama mshale, na mtu mzima akiwa kando ya njia anapigiwa honi. Honi ndiyo salamu. Sisemi ni vijana wabaya. Nami nimeishi miaka mingi kwenye miji ambako naambiwa "mambo", nasema "poa", na tunaachana, na sijawahi kuchelewa popote.

Nilipofika dukani siku ile, kabla ya ubishi huo wote, Sabimana aliacha mteja kaunta akaja mpaka barabarani. Alipiga makofi yetu, nami nikapiga. Kisha akaanza. Safari ilikuwaje. Mguu ulioumia Singida umepona? Anjela ameandika? Mtoto amefaulu? Nyumba ile uliyosema utaijenga, umefikia wapi? Nyuma yake vijana walipiga kelele, mbio fulani zilikuwa zimefika mwisho na mtu fulani ameshinda, na mpaka leo sijui ni nani. Nilisimama pale na begi langu begani, nikajibu moja moja, sina haraka.

Akamaliza kwa kuniuliza kama mbuzi hawajambo. Anajua sijawahi kufuga mbuzi. Nikamwambia hawajambo wote.