Pikapu Iliyosimama Wima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika depo moja ya Masisi, chefu wa garaji hakunipa ufunguo. Alinionyesha kwanza kibati kwenye mlango wa pikapu, kilichoandikwa uzito wa mwisho: gari, mzigo, abiria, na mimi dereva humohumo. Kisha akanipigisha magoti matopeni nitazame resori, zile bamba za chuma zinazobeba bodi.

"Kibati, batu banaweza kukwangula," alisema. "Resori njo inasemaka kweli. Ikilala, tosha muzigo, shusha."

Nilimwamini. Nilipohamishiwa Walikale, kusomba mawese kutoka Itebero, resori zikilala nilishusha madumu, na wenye mali wakaninunia.

Baadaye nilirudi Masisi kumwendeshea mfanyabiashara wa maharagwe, tuliyemwita Patroni. Asubuhi moja nikakuta resori za pikapu yake zimeongezewa bamba nene kila upande, naye anacheka kwa furaha. Nikamweleza kwamba bamba zinainua bodi tu. Freni na matairi ni yaleyale. Akasema kila mtu anafanya hivyo, lakini ili ninyamaze akaagiza magunia kadhaa yashushwe. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, turubai limefungwa, abiria wameketi juu, pikapu imesimama wima. Nikapiga magoti kama nilivyofundishwa. Resori hazijalala. Nikaondoka.

Kwenye mteremko wa Sake nikakanyaga freni, pedali ikazama mpaka chini. Nikarudisha gia ya kwanza, injini ikalia, gari halikusikia. Upande mmoja korongo, upande mmoja mlima. Nikagonga mlima, tukaanguka ubavu. Magunia niliyodhani yamebaki Masisi yalikuwa humo yote, na yalimfunika Mama Riziki, muuza kabichi. Tulimtoa mzima, ila mkono umevunjika.

Nilidhani hapo nimekwisha kushtuka. Siku ileile Patroni akaleta pikapu nyingine na dereva mwingine, nayo imeongezewa bamba. Magunia yaleyale yakapakiwa, na Mama Riziki, mkono umefungwa kwa kitenge, akaniomba nimsukume apande.

"Mama, usipande," nilimwambia. "Muzigo njo ile ile."

"Papa shoferi, angalia. Iyi haikulala hata kidogo. Iko muzuri."

Akapandishwa na wengine. Mimi nikabaki barabarani. Walifika Sake salama, na hilo ndilo lililonitisha kuliko ajali yenyewe, maana baada ya hapo hakuna aliyetaka kunisikiliza.

Sasa nimestaafu, na kiti changu kiko pale Sake njia zinapokutana. Vijana wa usukani hunisalimia wakipita. Pikapu ikija imelala nyuma, mimi hunung'unika tu, kwani dereva wake anajua alichobeba. Lakini ikija imenyooka, mama zetu wamejaa juu ya turubai, mpaka leo naondoka kitini. Nasimama mbele yake barabarani mpaka abiria wa mwisho ashuke.