Presha Bila Chumvi

Daktari wa macho pale Kajiado alisema maneno machache tu. "Mama ako na presha ya macho." Mwaitu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, hakukifuata Kiswahili chake cha haraka, akanigeukia. Nilikuwa nimehitimu gumbaru juzi tu, masomo ya jioni ya watu wazima, na kichwa kilikuwa kikubwa kuliko tangi la maji. Nikamtafsiria: uko na presha. Macho nikayasahau.

Tulipofika nyumbani Kitengela, mwaitu akatoa chumvi jikoni. Miezi mitano tulikula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, bila chumvi. Kwangu ilikuwa miaka arobaini ya jangwani. Hata paka alihama. Dawa ya matone aliyopewa na daktari ikalala kabatini. Nikimkumbusha, ananijibu, "Presha inatibiwa na maji ya machoni tangu lini?" Siku moja muuguzi wa zahanati akampima mkono, akamwambia presha yake ni nzuri. Wapangaji wa ploti nzima wakatangaziwa kwamba amepona.

Kisha akaanza kujigonga milangoni kwa bega la kushoto.

Tukarudi Kajiado. Presha ya macho ilikuwa imepanda kuliko mwanzo, na jicho la kushoto lilikuwa karibu kwisha. Daktari akaniangalia mimi, si yeye. Akasema twende Nairobi upesi, apigwe leza, angalau la kulia liokolewe.

"Leza ni nini?" mwaitu akauliza.

"Wanachoma jicho na mwanga," nikasema, msomi mimi.

"Mimi si mbuzi wa Kitengela nichomwe."

Wiki tatu alikataa katakata. Nilibembeleza mpaka ulimi ukaota sugu. Mwishowe, nikiwa nazibua sinki ya nje kwa waya, nikipayuka kwa hasira, ndipo nikapata maneno. "Jicho liko na maji yake, mwaitu. Mfereji wake umeziba kama huu. Huo mwanga unasaidia maji kupita."

Akaniangalia sana. "Na si ungesema hivyo kutoka mwanzo?"

Huko Nairobi aliweka kidevu kwenye mashine, mwanga ukamulika-mulika, na kabla yai halijachemka tayari alikuwa nje. Baada ya saa moja wakampima tena. Presha imeanza kushuka, wakasema, lakini matone yaendelee, na arudi kupimwa.

Tulipokaa kwenye benchi akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Akageuza uso huku na huku.

"Hii ya kushoto itarudi lini?"

Nilikuwa na uongo mtamu kama kumi hivi, wote uko tayari mdomoni.

"Niambie," akasema, "na usitie chumvi."

"Haitarudi, mwaitu. Hiyo leza ni ya kuzuia hii ingine isiende."

Halafu akafungua mkoba, akatoa ile chupa ya matone, akanipa.

"Soma hapo. Ni mara ngapi kwa siku? Soma yote, usiruke neno."