Stempu za Baba Zilizooshwa

Baba alikufa kwenye ajali ambayo mimi nilitoka mzima. Aliacha stempu za zamani ambazo hazijawahi kutumika, na nilitaka kuziuza nimjengee kaburi. Mimi na ndugu yangu mkubwa tuliweka picha zake kwa intaneti pale saiba, duka la kompyuta, ya Machakos mjini. Mnunuzi wa ng'ambo akauliza kama meno ya pembeni, pale stempu huchanwa, yako yote, na kama gundi ya nyuma iko, maana bila gundi bei huanguka.

Nilizigeuza. Meno yalikuwa sawa. Nyuma hakukuwa na kitu.

“Nilikuoshea hizo stempu na sabuni,” ndugu yangu akasema. “Zilikuwa zinanata uchafu. Nikazipiga na pasi. Si zinang'aa sasa?”

Ni yeye aliziharibu, si mwingine. Nilimwandikia mnunuzi kwamba gundi haiko, na hakujibu tena. Ndugu yangu akaniuliza ni nani alinituma niseme ukweli. Nilichukua mtungi nikaenda kuchota maji, nikipita kaburi la Baba ambalo bado ni udongo mtupu.