Umri wa Mashine ya Kufulia ya Mama

Baba alipoishusha mashine ya kufulia kutoka kwenye lori, kitu cha kwanza mama alichokitazama ni mpira wa maji uliokuwa ukining'inia nyuma yake. Sisi wengine tulikuwa tumeganda mbele ya mlango wa kioo, mviringo kama sufuria, na ule ukanda wa chuma uliong'aa kuuzunguka. Mama aliishika ncha ya mpira akaipitishia kidole.

"Hii imekatwa na kisu," alisema.

"Mpira ni mpira. Kesho nitatafuta mwingine."

"Mtu akihama si anafungua? Anakata kwa nini?"

Baba alijifanya anaangalia magurudumu ya lori.

Tulikuwa Busia, upande wetu wa mpaka, wa Kenya, katikati ya miaka ya sabini. Miaka michache kabla ya hapo Wahindi wa Uganda walikuwa wamepewa muda mfupi wa kuondoka, wakaondoka na masanduku yao, wakaacha nyumba na vilivyokuwamo. Vitu vyao viliendelea kuvuka mpaka kidogo kidogo, hapa Busia na kule Malaba: feni, cherehani, vitanda vya chuma, makabati yenye vioo. Watu hawakuuliza maswali mengi, maana katika nyumba nyingi mjini swali lingekukuta umekalia kiti chenyewe. Baba alipeleka chumvi na sabuni Tororo, ng'ambo ya Uganda, akarudi na chochote kilichopatikana. Aliapa kwamba mashine ameinunua dukani, mchana kweupe, kwa mtu mwenye leseni ukutani. Nilimwamini, na bado namwamini. Alikuwa ameiona mikono ya mama, basi.

Mikono yenyewe ilikuwa imepasuka kwenye kila kiungo cha kidole. Sabuni iliingia ndani ya ile mipasuko, na alipofua alikuwa akivuta pumzi kwa meno kama mtu anayekula pilipili. Daktari wa zahanati alimpa mafuta na ushauri wa kuacha kufua, ushauri ambao ungefaa zaidi kama angempa na mtu wa kufua. Hata angempa, mama asingemkubali. Nguo za kuswalia hakumwachia mtu. Alisema watu wa siku hizi wanasuza kama wanaokimbizwa na mvua. Mama alikuwa Mkhayo, msichana wa Bukhayo aliyesilimu alipoolewa, na kama wengi walioingia kwa mlango wa mbele, alikuwa mkali kuliko sisi tuliozaliwa ndani. Baba alipomweleza kwamba mashine hii humwaga maji yenyewe, ikachukua mengine safi na kusuza tena na tena, alikiri kwamba huenda ina imani kuliko madobi wote wa mjini.

Lakini ule mpira uliokatwa ulimkaa moyoni. Nguo iliyofuliwa kwa kitu cha dhuluma ataiswaliaje? Akaenda kumuuliza maalim wa msikitini. Maalim alimjibu vizuri: kitu ukikinunua sokoni, nawe hujui asili yake wala huna njia ya kuijua, kitumie. Ukijua kwamba mwenyewe alinyang'anywa, mrudishie. Asipopatikana, kitunze kama amana, na amana haitumiwi bila ruhusa ya mwenyewe.

Kwa jibu hilo mama angeweza kurudi nyumbani akafua. Hakuwa na njia ya kujua. Kwa bahati mbaya, nyumbani alinikuta mimi, mwanafunzi wa historia wa mwaka wa pili, nimekuja likizo na suruali pana miguuni na maneno mapana zaidi mdomoni.

"Wewe si unasoma mambo ya zamani?" aliniuliza. "Basi niambie hii kitu ilitengenezwa lini. Kama ni baada ya Wahindi kwenda, nitafua. Kama ni kabla, sigusi."

Baba alishajiandaa. Aliigeuza mashine, akanionyesha kibati kilichopigiliwa nyuma, chenye namba ndefu. Namba ilianza na sabini na nne.

"Si unaona? Ya sabini na nne! Wahindi walikuwa wameshafika London, wameshazoea baridi."

Mtu mwenye busara angesema ndiyo, akaenda kunywa chai. Mimi nilisema kwamba namba ya mtambo na mwaka wa mtambo ni mambo mawili, na kwamba kitu kisicho na tarehe hutafutiwa ndugu yake mwenye tarehe. Hayo nilikuwa nimeyasikia darasani yakisemwa juu ya vyungu. Nilijua kwamba masista wa upande wa Chakol, njia ya Malaba, walikuwa na mashine za kufulia, kwa hiyo nikapanda lori la baba lililokuwa likienda Malaba. Baba ndiye aliyeendesha. Aliponishusha, alichungulia dirishani.

"Soma vizuri," alisema. "Lakini usisome sana."

Sista aliyenipokea alikuwa mzungu mzee aliyejua Kiteso vizuri kuliko Kiswahili, na alidhani nimekuja kuomba kazi. Nilipomweleza shida yangu alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akanipeleka chumba cha nyuma. Mashine zilikuwa mbili, za kiwanda kilekile kilichotengeneza yetu, zimesimama bega kwa bega.

"Hii tulikuja pamoja kwa meli," alisema akiipiga ya kushoto kofi la mgongoni. "Tangu zamani, kabla ya mambo ya Uganda. Hii nyingine ni ya mwaka jana. Haina nguvu. Mtoto."

Nilizikagua kama daktari wa jeshi anayepima vijana. Ile ya zamani ilikuwa na kidude cha bluu cha kuzungusha, cha kuchagulia maji moto au baridi. Yetu pia. Ile mpya kidude chake kilikuwa cheupe. Pipa la ndani la ile ya zamani lilikuwa na matundu makubwa kama la kwetu, na la ile mpya madogo. Nikainama kutazama vibati. Namba ya mpya ilianza na tisini na moja, mwaka ambao haujafika, kwa hiyo hesabu ya baba ikafa hapohapo. Ile ya zamani ilianza na sabini na nane. Namba zilikuwa zikipanda kadiri mashine zilivyotoka kiwandani. Na yetu ya sabini na nne ilikuwa imeitangulia hata ile iliyokuja na sista kwenye meli.

Ningependa kusema kwamba nilisikitika. Nilifurahi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kugundua jambo ambalo halikuwa katika kitabu cha mtu mwingine, na njia nzima ya kurudi Busia nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyolieleza.

Nililieleza uani, mkono mmoja juu ya mashine kama mhadhiri juu ya meza yake. Mama alikaa kwenye kigoda. Baba alisimama mlangoni. Jirani wawili, wanawake waliokuja kuomba makaa, waliamua kwamba makaa yanaweza kusubiri. Nilianza na kidude, nikaja kwenye matundu, nikamalizia na namba.

"Kumbe chuo kikuu wanafundisha kufua!" alisema mmoja wa jirani.

"Hawafundishi kufua, dada," alijibu mwenzake. "Wanafundisha kuangalia tu."

Sikuwasikiliza. "Kwa hiyo," nilisema, "mashine hii ni ya kabla ya Wahindi kuondoka. Bila shaka yoyote."

Maneno hayo yalikuwa matamu mdomoni. Kisha nikamwona mama akiingiza mikono yake chini ya leso, polepole, kama mtu anayerudisha kitu mahali pake.

"Bila shaka yoyote," baba alirudia. "Nimekusomesha uje unifunge?"

Jirani wakakumbuka makaa yao.

Asubuhi ya pili nilimfuata mama jikoni. Nilikuwa nimewaza, na kuwaza kwangu sikuzote huja baada ya kusema. Nilimwambia kwamba umri wa kitu hausemi kilivyotoka mkononi mwa mwenyewe. Labda Mhindi aliiuza kabla ya kuondoka. Labda alimpa mpishi wake. Labda haikuwa ya Mhindi, Tororo kulikuwa na wazungu pia.

"Jana hukuwa na labda," alisema mama.

"Jana sikufikiri vizuri."

"Jana ulifikiri vizuri sana. Mpaka majirani walisikia."

Alitoa kitu kwenye pindo la leso akakiweka mezani. Alikuwa ameipangusa mashine alfajiri, na ndani ya mkunjo wa mpira wa mlango amekikuta: soksi moja ya mtoto, nyeupe, ya shule, imekauka ikawa ngumu kama dagaa.

"Mtu akiuza kitu chake," alisema, "anatoa soksi kwanza."



Tangu siku hiyo mashine ikawa amana. Mama aliisukuma mpaka kona ya ukumbi, akaifunika leso yake nzuri, ile iliyokuwa ya arusi za watu. Baba aliwahi kuweka redio juu yake, akaikuta sakafuni. Nilimsihi mama auze ile mashine, au aigawe, au hata aitupe, nisiione. Alisema kitu cha mtu hakiuzwi, hakigawiwi wala hakitupwi, na kama nilijifunza lingine Nairobi nimwambie nani alinifundisha. Akaendelea kufua kwa mkono, palepale uani, hatua chache kutoka kwenye kitu ambacho kingemfulia.

Lililobaki lilikuwa kumtafuta mwenyewe. Mama alilifanya hivi: kila Mhindi aliyesimama Busia, dukani au forodhani, alimsalimia kwa adabu, kisha akamuuliza kama aliwahi kukaa Tororo na kama aliacha mashine ya kufulia. Wengi walidhani ana kichaa cha aina ya upole. Mzee mmoja alimjibu, "Mama, sisi watu wa Kisumu. Hata ndoo tunayo moja." Mimi niliporudi chuoni niliona aibu kwa mbali, na aibu hiyo ilinisaidia nisione kitu kingine.

Likizo iliyofuata nilikuwapo mama alipomleta nyumbani mwanamke mmoja wa Kihindi, wa makamo, mwenye sari ya kijivu na viatu vya raba. Alikuwa amefuatana na shemeji yake aliyeleta vitambaa madukani, na walikuwa wamehamia Kisumu kwa jamaa baada ya kupoteza nyumba yao Uganda. Mama alimkaribisha chai. Nilikuwa namimina, ndiyo maana niliona yote.

Mgeni alipokea kikombe kutoka mkononi mwa mama, na macho yake yakabaki kwenye ule mkono. Viungo vilikuwa vimefungwa vitambaa. Mama akamweleza habari ya amana yake, kisha akamuuliza swali lake la siku zote.

"Ndiyo," alisema mgeni. "Tulikaa Tororo. Tuliacha mashine."

Mama alisimama. Sijawahi kumwona akisimama haraka vile. "Ya mlango wa kioo?"

"Ya mlango wa kioo. Sikiliza, dada, ile mashine sitaki tena. Nakupa. Tumia, kwa roho safi."

Alisema bila kupepesa macho, na nikajua kwamba anasema uongo, na nikampenda kwa uongo huo. Nadhani mama pia alitaka kumwamini. Lakini amana ni amana, na mtu anayedai kitu hupimwa.

"Kile kidude cha kuzungusha," aliuliza mama kwa sauti ndogo. "Ni rangi gani?"

Ni mimi niliyemfundisha kuuliza hivyo. Kabla ya mhadhara wangu mama asingejua kwamba kidude kina rangi ya maana. Chupa ya chai mkononi mwangu ilikuwa ya bluu. Niliiweka mbele ya mgeni, nikaigonga kwa ukucha mara mbili tatu.

"Wewe, ondoa hiyo chupa mbele ya mgeni," alisema mama bila kugeuka.

Niliiondoa.

"Nyeupe," alisema mgeni.

 Mgeni aliitazama ile chupa kwapani mwangu, akanitazama usoni, akaelewa kwa kuchelewa.

"Labda nimesahau, dada. Ni siku nyingi."

"Hukusahau," mama alisema, na akamwongezea sukari. "Wewe una roho nzuri. Kunywa chai."

Wakazungumza habari za watoto mpaka shemeji alipokuja kumchukua.

Kesho yake mama alikuwa uani na shuka kubwa kwenye karai. Nilikunja mikono ya shati nikaenda kusimama mbele yake.

"Unataka nini?"

"Nishike upande mmoja."

Alinitazama kama anayetafuta mzaha uko wapi, kisha akanipa ncha. Tukaanza kukamua, yeye akizungusha kulia, mimi kushoto.

"Polepole. Usisokote kama unanyonga mtu."

Maji yaliyoanguka kutoka upande wake yalikuwa na wekundu kidogo. Kitambaa cha kidole kilikuwa kimeloa na kulegea. Tuliyaona sote wawili, na nikafungua mdomo, na sijui nilikuwa nataka kueleza nini.

Damu ni najisi. Mama aliirudisha shuka kwenye maji mapya akaanza kuisuza tena kutoka mwanzo, nami nikachukua ndoo nikaenda kuteka mengine.