Regulata ya Wageni

Kule kwetu Matinyani, mtu hufukua mchanga wa mto kwa sururu ndipo apate kikombe cha maji. Mimi nikaenda Mombasa nikaajiriwa kukaa chini ya maji. Nilikuwa mpiga mbizi wa bandarini, kazi yangu kukwangua makombe na mwani kwenye matumbo ya meli, na nyumbani hakuna aliyeniamini. Mjomba wangu mmoja aliuliza kama serikali inajua. Mama yeye, kila nilipokuja likizo, aliuliza kama huko chini kuna baridi na kama huwa nakula kwanza.

Miaka hiyo ya sabini nikampenda msichana wa Tawa, mwalimu wa chekechea, naye akanipenda, sijui kwa nini. Tatizo lilikuwa baba yake. Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, mtu wa kuombea chakula mpaka kikapoa, na siku niliyokwenda kujitambulisha alinihoji mambo ya kazi mpaka jasho likanitoka. Kwa ujinga wangu nikasema ukweli wote: kwamba chini ya maji mtu hupumua kwa regulata, na kwamba regulata za kazini ni za wote, leo unauma wewe, kesho anauma mwenzako.

"Ai!" mzee akasema. "Kwa hivyo wewe unapumua kwa kuazima?"

Nikasema ndiyo, mzee.

"Msichana wangu hataenda kwa mtu wa kuazima pumzi. Tafuta yako. Uilete hapa niione ikifanya kazi kwa maji. Nikiridhika, utaleta mbuzi wa ntheo. Nisiporidhika, tusisumbuane."

Mbuzi wa ntheo ndio wanaofunga uchumba kwetu Ukambani. Wakishapokelewa, msichana ni wako mbele ya watu. Wakikataliwa, umekwisha. Na pale Tawa kulikuwa na karani wa pamba mwenye pikipiki, aliyemtaka msichana huyohuyo, na ambaye alipumua vizuri tu bila mtambo wowote. Nilirudi Mombasa nimekasirika kama nyuki.

Regulata, kwa asiyeijua, ni kile kidude unachouma kwa meno. Hewa ya mtungini, ule wa chuma unaobebwa mgongoni, ina nguvu ya kupasua mapafu. Regulata huituliza, ikakupa kiasi unachovuta tu. Na mpiga mbizi mwenye akili hufunga mbili kwenye mtungi mmoja: ya kutumia, na ya akiba, ikiwa ile ya kwanza itagoma au mwenzako ataishiwa na hewa.

Kulikuwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, anauza vitu vyake. Nikaenda na fundi wetu wa mitungi, mzee wa Kimombasa mwenye ulimi mkali, anisaidie kuchagua. Mezani zilikuwa regulata tatu. Ya kwanza fundi aliikunja mpira wake, nyufa zikafunguka, akaiweka kando bila hata kuitia mdomoni.

"Hizi mbili zivute," akaniambia. "Vuta taratibu. Haya, sasa vuta kama mtu aliyefumaniwa."

Moja ilikuwa nyeusi, ngumu, imechubuka. Ukiivuta unasikia kabisa kwamba hewa inatoka shingo upande. Ya pili ilikuwa mpya, inang'aa, na hewa yake ilikuja yenyewe kabla hujamaliza kuitaka. Nikaipenda papo hapo.

"Chukua zote mbili," fundi akasema. "Lakini nisikilize, mwanangu. Zizamishe zote, kwa zamu, kila siku. Akiba isiyofanya kazi si akiba, ni pambo."

Nikaitikia ndiyo, bwana, ndiyo, na moyoni nikaamua yangu. Mnisamehe, nililelewa Matinyani. Kwetu kitu kizuri ni cha wageni. Mama alikuwa na vikombe sita vya maua ndani ya kabati la vioo, na sisi watoto wake tukanywa chai kwa bati lililobanduka rangi mpaka tukaota ndevu. Mtu wa kulelewa hivyo, umpe regulata nzuri na mbaya, ataiuma mbaya. Nikafanya ile ngumu kuwa ya kila siku, nikavimba mataya, na ile laini nikaipeleka nyumbani iwekwe salama mpaka siku ya Tawa.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaiweka katikati ya vikombe vya maua, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma. Wageni wakawa wanaletwa kuiona. Mchungaji wetu aliitazama, akasema Mungu ni mkuu.

Miezi mitano ikapita. Mvua ya masika ikanyesha, silanga ya Tawa, lile bwawa lao la kunyweshea ng'ombe, likajaa. Nikapata likizo, nikaja na mtungi wangu kutoka pwani, nikafungua kabati. Regulata iling'aa kuliko siku niliyoinunua.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba chetu, "umeipaka nini?"

"Samli kidogo tu. Hiyo raba ilikuwa inakauka. Hata wewe nilikupaka hiyohiyo ukiwa mtoto, umepasuka wapi?"

Ningejua ningeifungua skrubu zote. Badala yake nikaipangusa kwa leso, nikaifunga kwenye mtungi pamoja na ile ngumu, nikabonyeza kitufe chake cha kupulizia hewa. Hewa ikatoka, hssss. Nikasema hiyo iko sawa. Pumbavu mkubwa mimi.

Tawa walikuja watu kama wa harusi. Karani wa pamba naye alikuja, akaegemea pikipiki yake. Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga: mama mkwe alikuwapo. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima ya kuogopesha, hata njiani mnapishana mmeangalia pembeni. Sasa mimi nivue nguo mbele yake nibaki na kaptura? Afadhali kufa. Nikajifunga mtungi juu ya shati jeupe na suruali ya suti, na soksi zangu miguuni. Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

"Utaingia peke yako?" baba wa msichana akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nitajuaje kama inafanya kazi? Utazama, utatoka, utasema inafanya kazi. Hata chura anaweza kufanya hivyo. Mimi nitaivuta mwenyewe."

Mkewe akapiga kelele. Mchungaji wa kanisa lao akaanza kuomba. Mzee akavua koti, akalikunja, akamkabidhi mchungaji pamoja na kofia. Tai hakuitoa, wala buti zake za shamba. Nikamwambia buti zitazama matopeni. Akasema hawezi kwenda peku mbele ya watoto wa shule.

Tukaingia mpaka maji yakatufika kifuani. Nikamweleza tutapiga magoti, vichwa viingie, avute mara tatu, kisha tusimame. Na sasa nimpe ipi? Hapo sikufikiri hata kidogo. Mgeni ni mgeni. Nikampa ile laini, mimi nikauma ile mbaya, tukazama.

Maji yalikuwa kama chai ya maziwa. Simwoni, namsikia tu. Akavuta mara moja. Halafu nikasikia sauti ambayo mpiga mbizi hataki kuisikia: kukohoa ndani ya maji. Mikono yake ikanikamata mkanda. Nikamwinua asimame. Haji! Kwa vile amepiga magoti, buti zimemezwa na tope nyuma yake mpaka kwenye vifundo, hawezi kuleta mguu mbele, na kadiri anavyopigana ndivyo zinavyozama.

Niliogopa. Nasema wazi, sijawahi kuogopa hivyo chini ya meli yoyote. Huyu ni baba wa mtu ninayempenda, na mimi ndiye ninayemuua, mchana kweupe, mbele ya kanisa lake lote. Nikachomoa regulata yangu mdomoni, nikamsukumia kati ya meno, nikabonyeza kitufe hewa isukume maji nje. Akavuta. Ile mbaya, yenye alama za meno yangu, ikampa pumzi kwa shingo upande kama kawaida yake, lakini ikampa. Akavuta tena, mikono ikalegea kidogo.

Mimi nikashuka miguuni pake bila kitu mdomoni. Bandarini nilikuwa nikishindana na wenzangu kuzuia pumzi, na nilikuwa nawashinda. Lakini hapo woga ulikuwa umekula nusu ya pumzi yangu. Buti ya kwanza ikatoka haraka, maana kamba yake ilikuwa imekatika. Ya pili ilikuwa na kamba, na kamba ilikuwa na fundo, na fundo alikuwa amelifunga mtu asiyependa mambo yalegee. Nikalivuta kwa meno. Masikio yalikuwa yanapiga ngoma. Mguu ukachomoka, nikamsukuma juu kwa bega, sote wawili tukatoka tukihema kama mbwa.

Tulipofika ukingoni, watu wakatuzunguka. Mzee akatema maji, akatema tena, akaangalia kiganjani.

"Sisimizi," akasema.

Samli ilikuwa imewaita. Walikuwa wameingia mpaka kwenye kile kiulimi cha raba cha kutolea pumzi, wakafia hapo, kikaganda wazi. Nchi kavu hewa ilitoka vizuri. Majini, ukivuta, unavuta silanga. Nikamweleza mzee yote, kabati, vikombe, samli ya mama, sikuficha. Karani wa pamba alicheka peke yake.

Mzee akakaa kwenye jiwe, peku, tai imemnata shingoni.

"Wakati mimi navuta hiyo nyeusi," akaniuliza, "wewe ulikuwa unavuta nini?"

"Hakuna, mzee."

"Hakuna?"

"Hakuna kitu."

Akakamua tai yake. Kisha akawageukia wazee wenzake.

"Nilienda kuangalia chombo," akasema. "Chombo ni kibaya sana, na mama yake asipewe kingine." Nikaanza kufungua mikanda ya mtungi. "Lakini huko chini kulikuwa na pumzi ya mtu mmoja, na akanipa mimi. Alete mbuzi."

Nikalia palepale, mwanaume mzima, na kwa kuwa nilikuwa nimelowa tangu utosini hadi kwenye soksi, hakuna aliyejua.