Banjo ya Sufuria ya Mama

Mnisamehe mwandiko. Shule niliishia darasa la saba, naandika polepole, na herufi zangu husukumana kama mbuzi mlangoni. Lakini juzi huko Iringo muuza duka aligonga sufuria mpya kwa ukucha, mteja asikie kama ni nzima. Ikalia nginn! Nikasimama palepale. Nilikuwa Bugwema tena, mtoto wa miaka kumi na mmoja, mikono inanuka ngozi ya kenge.

Miaka ile sabuni ilikuwa ya foleni, na sufuria haikupatikana hata kwa foleni. Yetu ya ugali ilitoboka kitako, mama akaisukuma uvunguni mwa kitanda. Mimi nikadhani ameitupa.

Ndipo mjomba Maingu, kaka yake mama, akaja kutoka Bunda na banjo aliyoiunda kwa kopo la mafuta. Nilikuwaga mtoto wa kujificha wageni wakija, lakini siku hiyo nilitoka. "Mjomba, na mimi naweza?"

"Leo kabubu kamesema!" mama akacheka.

"Tafuta kitu cha duara," alisema mjomba. "Ngozi niachie mimi." Kesho yake kenge alikutwa akiiba mayai ya kuku wetu, akalipa kwa ngozi yake. Mjomba aliniachia ngozi hiyo na neno moja: "Iwambe ikiwa mbichi, ikaukie kivulini. Jua lina haraka, kivuli kina akili."

Mama alipokuwa shambani kwenye pamba, nilikata kitako cha sufuria kwa patasi ya baba. Nikatoboa matundu kuzunguka mdomo wote, nikawamba ngozi na kuikaza kwa nailoni ya nyavu. Mpini wa jembe lililovunjika ukawa shingo, nailoni nne zikawa nyuzi. Siku tatu niliingia ghalani kuigusa, natoka, narudi. Siku ya nne niliigonga kwa kidole, ikanijibu! Nilizunguka nyumba mbio mara mbili.

Jioni mama akaita, "Nyangeta, lete ile sufuria ya uvunguni. Fundi wa Kiabakari amepata bati, anatia vitako."

Nikaleta banjo. Mama akaigeuza, akahesabu matundu kwa kidole.

"Kitako kingetiwa. Hili sasa ni chujio." Akanirudishia banjo. "Haya, piga. Isipoimba, nakupika wewe."

Nilipiga wimbo wa kanisani aliozoea kuuimba akichuma pamba. Niliokoteza sauti moja moja. Kwenye mstari wa tatu mama akaingia, kwa sauti ya chini, na mimi nikasahau kuogopa.

Tangu hapo kila jioni alinituma kuazima sufuria kwa jirani, Mama Pendo, akishamaliza kupika kwake. Mama Pendo hakuitoa mpaka nipige wimbo mmoja, na watoto wake wote wananitazama. Misimu miwili tulikula wa mwisho, na mimi nilijua naadhibiwa.

Juzi tu, ukucha ule ulipogonga, ndipo nikawaza: nyumbani tulikuwa watoto watatu. Mbona alitumwa kabubu peke yake, na banjo mkononi?

Siku hizi sufuria zinaning'inia kila mlango wa duka. Nilimnunulia mama ile ile ya Iringo. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Nzuri," akasema, "lakini ile yako ililia zaidi."

Wewe uliyewahi kuunda chombo, niandikie: ngozi uliipata wapi, na nyumbani walikosa nini? Nitajibu, ila polepole.