Tuliulizwa Kama Tuliogopa

Kituo chetu cha majani ya chai kiko chini kidogo ya Litein, pale barabara ya murram inapoteremka kuelekea mtoni. Mvua ikinyesha mchana, na huku hunyesha karibu kila mchana, lori la kiwanda haliji saa yake. Wakulima wengine hukasirika, wakampigia karani kelele kana kwamba yeye ndiye aliyeleta mawingu. Sisi tuliotoka jeshini hukaa kwenye ubao wetu na kungoja. Kungoja ndiyo kazi tuliyofundishwa vizuri kuliko nyingine zote.

Tuko watatu. Mmoja alitoka Chebunyo, akanunua shamba karibu nasi baada ya kustaafu. Anachechemea kwa sababu ya kipande cha chuma kilichobaki kwenye nyonga yake, na siku za baridi hutembea akitukana taratibu kwa Kipsigis. Wa pili ni mtu wa kando ya ziwa. Baba yake alikuja huku kufanya kazi kiwandani na hakurudi kwao, naye mwenyewe alivaa kofia ya samawati ya walinda amani katika nchi za watu, kabla ya sisi wengine kupelekwa popote. Wa tatu ni mimi. Nilikuwa dereva wa lori la maji huko Somalia.

Mtu akitusikia tukizungumza anaweza kudhani tunagombana. Yule wa nyonga hupenda kusema kwamba vita ni biashara ya wale wasiokwenda. Yule wa ziwani hucheka, kisha anasema, "Mimi nimelinda amani miaka mbili, omera, na hiyo amani sikuiona hata siku moja." Langu mimi ni hili: nchi hii humpenda mwanajeshi akiwa kwenye gwaride au akiwa ndani ya sanduku, na hapo katikati ajitafutie. Siku za sikukuu tunaitwa tuvae nishani, tukalishwe mbele, jua lituchome mpaka mheshimiwa afike. Anatuita mashujaa huku macho yake yakitafuta kamera. Chakula kikitolewa, sisi ndio wa mwisho, na aghalabu tunakuta mchuzi bila nyama. Nimeyasema haya mara nyingi na nitayasema tena, maana uchungu wake haujanitoka.

Kuna mama mmoja ambaye huleta majani kituoni hapo. Ni mjane, rika letu au ametupita kidogo. Mwanawe wa kwanza aliuawa Somalia, akaletwa nyumbani katika sanduku ambalo familia iliambiwa lisifunguliwe. Nilikuwa kwenye mazishi hayo. Bunduki zilipigwa hewani, ng'ombe wakakata kamba, na huyo mama akapewa bendera iliyokunjwa vizuri. Bendera hiyo ameifunga kwa nailoni na kuiweka chini ya godoro. Hakuning'iniza ukutani hata picha.

Mama huyu alikuwa na mazoea ya kukaa karibu na ubao wetu. Alikuwa akichambua majani yake, akitoa yaliyokomaa kabla karani hajayaona, na huku anatusikiliza. Hakuwahi kutia neno. Sisi nasi tukimwona amekaa, tulipunguza sauti, lakini hatukuacha kulaani. Nadhani hilo ndilo lililompa matumaini.

Siku moja alitujia mapema, akiwa na sotet, kile kibuyu cha maziwa, imejaa mursik, maziwa ya mgando. Alitumiminia kila mtu kikombe, akangoja tunywe. Kisha akasema, "Boisiek, wazee wangu, nina shida. Huyu kijana wangu amebaki anataka kwenda kuandikwa jeshi. Imetangazwa kwa redio, watachukua watu hapo stediamu. Mimi nimeongea mpaka nikachoka, ananiangalia tu. Lakini nyinyi mnajua hiyo kazi. Kila siku nasikia vile mnasema. Mwambieni yeye vile mnaambiana hapa. Mnisaidie kumtisha."

Tulimwahidi, na tulimaanisha tuliyosema. Yule wa nyonga hata alipandwa na hasira, akasema akimaliza na huyo kijana, kijana atakimbilia kuchunga mbuzi Chebunyo. Mursik ilikuwa nzuri, imetiwa mkaa wa mti wa senetwet sawasawa. Tuliimaliza yote, na sotet ikabaki kwangu nikaioshe.

Kijana alikuja siku ya kuchuma iliyofuata, amebeba gunia la mama yake begani. Tulimjua tangu akiwa mdogo, lakini siku hiyo nilimtazama kama anavyotazamwa mtu anayetaka kuandikishwa. Kifua kipana, miguu mirefu, meno yote yapo. Kila asubuhi alikuwa akipanda kile kilima cha shule mbio, na wasichana wa kuchuma chai walisimama kumwangalia. Alitusalimia kwa heshima, akainama, akakaa juu ya jiwe mbele yetu. Mvua ilikuwa imenyesha na lori halikuwa na dalili ya kuja. Mama yake alikaa kando na majani yake, ametupa kisogo, lakini sikio lilikuwa kwetu.

Yule wa nyonga ndiye aliyeanza. Alianza vizuri. Alieleza jinsi chuma kinavyoingia mwilini, kwamba mwanzo hakuna maumivu, unahisi tu kama umemwagiwa uji moto, na ndipo unapotazama chini. Kijana alikaza macho. Basi mwenzangu akaendelea. Akaeleza alivyotambaa mpaka nyuma ya ukuta uliobomoka, alivyoichukua bunduki ya mwenzake aliyeanguka, alivyolenga, na aliowalenga walivyonyamaza. Hapo mgongo wake ulikuwa umenyooka. Mtu ambaye asubuhi hiyo alisaidiwa na mkewe kuvaa viatu alisimama bila fimbo, akaitumia fimbo yenyewe kuonyesha bunduki inavyoshikwa.

Yule wa ziwani akakohoa, akataka zamu. Alikuwa na mambo ya kutisha huyo, nayajua, aliniambia siku moja tukiwa wawili: kisima, na kilichokuwa ndani ya kisima. Lakini hakusema habari za kisima. Alizungumza kuhusu ndege kubwa iliyowabeba, na theluji, na maofisa wa mataifa waliokuwa wakimwita kwa cheo chake. Alisema huko alikula nyama mpaka akakinai. Kijana alicheka, nasi tukacheka, na mkulima mmoja aliyekuwa karibu akasogeza gunia lake ili asikie vizuri.

Nilijiambia mimi sitafanya hivyo. Nikamwambia juu ya msafara. Nikamweleza magari yanavyofuatana kwenye barabara ya udongo, na kwamba adui hatumwoni, tunaona udongo tu, na kila mahali palipochimbuliwa panaweza kuwa na bomu. Nikamwambia lililotokea kwa gari lililokuwa mbele yangu. Waliokuwemo nilikula nao asubuhi. Niliamriwa nipite pembeni, nisisimame, kwa sababu kambi ya mbele haikuwa na maji, nami nikapita. Nilisema yote hayo kwa sauti ya chini, na nikaona uso wa kijana umebadilika. Nikadhani nimempata.

Akaniuliza, "Na uliendesha tu? Mzee, mlikuwa mnaogopa?"

Aliuliza kwa adabu, swali la mtoto anayetaka kujua. Aliniangalia mimi, kisha akawaangalia wenzangu. Karani alikuwa ameacha mizani yake. Wakulima walikuwa wametugeukia, wanaume kwa wanawake, majirani ambao huniita Afande barabarani ingawa sina tena wa kumwamrisha.

"Mwanajeshi haogopi," nikasema.

"Ukiogopa umekwisha," akaongeza yule wa nyonga. Yule wa ziwani akatikisa kichwa kukubali.

Nitasema sasa ilivyokuwa, ingawa haisaidii mtu. Niliogopa kila siku niliyokuwa kule. Baada ya lile gari la mbele, mguu wangu wa kushoto, mguu wa klachi, ulianza kutetemeka kila tulipokaribia udongo uliochimbuliwa. Haukunisikia. Nilikuwa nausukuma chini kwa mkono, nimeshika goti kwa kiganja chote, na usukani nauendesha kwa mkono mmoja. Aliyekaa karibu nami aliona na hakusema kitu, kwa kuwa yeye naye alikuwa akiomba kwa lugha ya mama yake bila kukoma. Niliporudi nyumbani jambo hilo lilirudi nami. Vijana wa kaunti wakiziba mashimo kwenye barabara ya Sotik, nikaona udongo mbichi, huegesha pikipiki na kutembea kwa miguu mpaka nipapite. Mke wangu anajua. Wale wawili kwenye ubao wanajua pia, maana kila mmoja ana lake. Hatukuwahi kuitana waoga. Lakini hatukuwahi kulitaja neno lenyewe mbele ya watu, na siku tuliyoombwa tulitaje, tena na mama aliyetulipa kwa maziwa, ndimi zetu zilisimama mguu sawa.

Shuleni tulikaririshwa kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Ningemwambia hilo tu, ingetosha. Mama yake aliinuka, akazamisha mkono ndani ya gunia lake kuona kama majani yameanza kupata joto, maana yakisongamana kwa muda huungua katikati huku juu bado ni mabichi. Akaanza kuyatandaza kwenye meza, bila kututazama.

Kijana alichukuliwa. Ilikuwaje asichukuliwe? Alikimbia akawaacha wengine nyuma, wakamhesabu meno, wakamchora nambari kifuani. Vijana wenzake walimbeba mabegani mpaka sokoni Litein. Alipita kituoni kutuaga, akatupigia saluti, nasi watatu tukasimama na kuirudisha. Nilijisikia fahari. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na linanichukiza.

Mama yake hakutufokea. Alihamia upande wa pili wa kituo, akawa anakaa na akina mama wa kutoka nyanda za magharibi, wanaozungumza lugha asiyoielewa. Nilimfuata siku moja nikajaribu kumpa pole, na kumwambia kwamba vijana wa siku hizi hawashauriki.

"Huyo alishaurika," akaniambia. "Mimi niliwapa mtoto mnitishie. Mkanirudishia askari."

Sotet yake nilikuwa nimeiosha na kuikausha. Mke wangu aliipeleka kwake mara mbili, na mara mbili ilirudishwa na ujumbe kwamba ikae tu. Iko kwangu ukutani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wakaishia hapo. Hawakutuambia la kufanya na yule aliyelisikia la mkuu akalifuata.

Mambo yaliendelea kama yanavyoendelea. Kijana alimaliza mafunzo, akarudi likizo akiwa amenenepa shingo, akatununulia soda. Aliniambia amechagua udereva. "Ni ile stori yako," akasema, akacheka. Baadaye tukasikia amevuka mpaka.

Alinipigia mwaka huu, kwenye msimu wa mvua ndefu. Nilikuwa kituoni na lori lilikuwa limekwama mahali. Mama yake alikuwa upande wake wa siku zote, ananyonyoa majani magumu. Sikuitambua nambari.

"Afande, ni mimi," akasema. Sauti ilikuwa inakwenda na kurudi. Alinisalimia, akaulizia mvua, akaulizia wale wawili. Akaniambia amepewa lori. "La maji, kama yako." Nikampongeza kwa sauti kubwa, nikitaka mama yake asikie kwamba ni yeye na kwamba yuko salama. Mama akainua kichwa.

Kisha kijana akashusha sauti. "Nilitaka kukuuliza kitu kabla sijaongea na mama. Huu mguu wa klachi unanisumbua. Tukifika mahali udongo umechimbwa unaanza kutetemeka, unatetemeka pekee yake, mpaka gari inaruka. Wenzangu naona wako sawa. Na nyinyi hamkuwa mnaogopa. Sasa nafanya aje?"

Wale wawili waliniangalia. Ningeweza kumwambia atazoea. Ningeweza kumwambia tena kwamba mwanajeshi haogopi, na nadhani ndicho alichokuwa anangoja. Mama yake alikuwa ameacha majani, anakuja kwangu akipanguza mikono kwenye aproni ya plastiki.

"Shika goti na mkono," nikamwambia. "Kiganja chote. Ukandamize mpaka klachi ishuke, usukani uendeshe na huo mwingine. Na usiangalie udongo. Angalia gari la mbele."

Sauti ilikwenda, ikarudi.

"Kwa hivyo ulikuwa unajua," akasema.

Mama yake alikuwa amekwisha fika, amesimama mbele yangu, amenyoosha mkono apewe simu. Hakuwa ananitazama usoni. Nilifuata macho yake chini, nikaona alichokuwa anakiona. Nikampa simu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado umeshika goti.